Apejio zote unazijua ila solo haitoki: tutafute tatizo liko wapi

Hii ni kwa yule ambaye gita tayari analipiga, kodi za saba anazijua, apejio (noti za kodi zikipigwa moja moja) za maj7, m7, 7 na m7b5 amezikariri, akikaa peke yake chumbani anapanda na kushuka bila shida, ila akiwasha bekingi treki (muziki wa kusindikiza uliorekodiwa) ya jazz kinachotoka ni mazoezi yale yale, solo hamna. Akiuliza anaambiwa ongeza mazoezi. Mazoezi ya nini sasa? Kitu kilichokaa vibaya ukikirudia sana unakikaza tu mkononi, kwa hiyo tuanze na kujua kinachosumbua ni nini, maana matatizo ya apejio kwa nje yanafanana sana ila vyanzo vyake tofauti kabisa, na dawa ya moja haisaidii lingine.

Kwanza jipime. Chukua simu, fungua rekoda, piga kodi tatu taratibu: Dm7 baa moja, G7 baa moja, Cmaj7 baa mbili, zungusha hivyo hivyo dakika kama tano, piga kawaida tu bila mbwembwe. Hiyo ndo bekingi yako, haili bando na haina dramu za kukuficha (zile treki zenye besi na dramu kali zinadanganya sana, hata ukipiga utumbo unasikika mtamu). Afu tafuta simu ya pili au laptop, rekodi solo juu yake, mizunguko mitatu minne inatosha, weka pembeni, usikilize kesho yake. Nasema kesho yake sababu muda huo huo masikio bado yanasikia ulichokusudia, sio ulichopiga.

Huo mzunguko ndo tu-faivu-wani ya C (kodi ya pili, ya tano na ya kwanza za ufunguo wa C), na jazz ya Marekani ya kuanzia miaka ya 1930 mpaka 1950 imejaa hiyo kitu kila kona, ukiiweka sawa hapa umeweka sawa sehemu kubwa sana. Kwenye mzunguko huu tutakaa freti ya 4 mpaka ya 8 muda wote, hatuendi popote. Uzi wa 1 ni ule mwembamba, wa 6 ndo mnene. Chukua karatasi andika:

Dm7 (D F A C): uzi wa 5 freti 5 na 8, uzi wa 4 freti 7, uzi wa 3 freti 5 na 7, uzi wa 2 freti 6, uzi wa 1 freti 5 na 8.

G7 (G B D F): uzi wa 6 freti 7, uzi wa 5 freti 5 na 8, uzi wa 4 freti 5, uzi wa 3 freti 4 na 7, uzi wa 2 freti 6 na 8, uzi wa 1 freti 7.

Cmaj7 (C E G B): uzi wa 6 freti 7 na 8, uzi wa 5 freti 7, uzi wa 4 freti 5, uzi wa 3 freti 4 na 5, uzi wa 2 freti 5 na 8, uzi wa 1 freti 7 na 8.

Sasa rudi kwenye rekodi yako, angalia dalili ipi ni yako. Wengi wanakuwa nazo mbili tatu kwa mpigo, usishtuke.

Kila ukianza kitu kipya unaanzia kwenye ruti na kupanda

Hii inasikika haraka kuliko zote: D F A C, G B D F, C E G B, noti sahihi kabisa na hamna mtu anayetaka kusikiliza mara ya pili. Chanzo ni jinsi ulivyokariri. Chati zote za apejio zinaanzia kwenye ruti (noti inayoipa kodi jina), mkono umejua mlango mmoja tu wa kuingilia, afu mbaya zaidi mpiga besi tayari ameshaipiga hiyo ruti, we unamrudia.

Piga marufuku ruti kwenye biti ya kwanza. Wiki hii kila kodi unaingilia kwenye noti ya tatu, yaani F kwa Dm7 (unahesabu ngazi kutoka ruti: D, E, F), B kwa G7, E kwa Cmaj7. Ikizoeleka ingilia kwenye ya tano, afu ya saba. Na uchanganye kupanda na kushuka, jaribu hii hapa, noti nne kwa baa, noti moja kila biti (Dm7 ya kuanzia tu tumeiachia ruti, mbili zinazofuata zinaingilia ya tatu): D F A C ukipanda (uzi wa 5 freti 5, freti 8, uzi wa 4 freti 7, uzi wa 3 freti 5), G7 unashuka B G F D (uzi wa 3 freti 4, uzi wa 4 freti 5, uzi wa 5 freti 8, freti 5), Cmaj7 unapanda tena E G B C (uzi wa 5 freti 7, uzi wa 4 freti 5, uzi wa 3 freti 4, freti 5). Kapige sasa hivi kabla hujaendelea kusoma. Ni apejio tupu, hamna noti hata moja ya nje, na tayari inasikika kama mtu anasema kitu, sababu ni moja tu, kutoka C kwenda B ni freti moja na kutoka D kwenda E ni freti mbili kwenye uzi ule ule. Kodi zimeshikana. Ulichokuwa unapiga mwanzo kilikuwa kodi tatu zisizojuana.

Kodi inabadilika, we bado uko kwenye ya nyuma

Hapa ndo watu wengi wamelala na hapa nitakaa muda mrefu.

Kwanza tenganisha, ni mkono unachelewa au ni kichwa? Punguza tempo mpaka biti 60 kwa dakika, piga tena. Ukiwahi kodi zote bila jasho basi tatizo ni spidi ya mkono tu, hilo dogo, linaisha lenyewe ukipandisha metronomu kidogo kidogo. Ila kama hata 60 unachelewa, mkono hauna kosa. Weka gita chini, mwambie mtu yeyote aliye karibu akuulize: F iko wapi uzi wa 2? B iko wapi uzi wa 3? E uzi wa 5? Kama unahesabu kutoka mwanzo wa shingo ndo ujibu, umeshapata chanzo, unajua umbo la apejio ila hujui noti zilizomo ndani yake, kwa hiyo kila kodi ikija unatafuta ruti, unaweka umbo, unaanza, na kodi imeshapita.

Dawa sio kukariri shingo nzima. Kariri noti mbili kwa kila kodi, ya tatu na ya saba, basi. Ndo zinazosema kodi ni ya aina gani, ruti na ya tano hazikuambii kama ni meja au maina. Angalia zinavyotembea. Dm7 ya saba yake ni C, uzi wa 3 freti 5. G7 ya tatu yake ni B, uzi wa 3 freti 4. Freti moja nyuma. Afu G7 ya saba yake ni F, uzi wa 2 freti 6, na Cmaj7 ya tatu yake ni E, uzi wa 2 freti 5. Freti moja nyuma tena. Dm7 nayo ina hiyo F, kwa hiyo F inakaa baa mbili nzima afu inashuka E. Piga noti moja tu kwa baa, C, B, B kwenye Cmaj7 (inabaki palepale), afu zunguka. Baadae piga F, F, E. Noti moja ndefu kwa baa, taratibu, mpaka uchoke. Ikikukera sawa, ila ukisikia ile C inavyotaka kushuka B kabla hata hujaipiga, hapo umeanza kusikia jazz inavyotembea na hiyo hamna chati itakupa.

Hatua ya pili: biti ya nne iwe ya kujiandaa. Watu wanaifikiria G7 ikishafika, wakati inatakiwa uwe unaifikiria Dm7 ikiwa katikati. Baa ya Dm7 piga chochote biti tatu za mwanzo, biti ya nne uwe C, na biti ya kwanza ya baa inayofuata ni B. Fikiria unakoenda, uliko mkono utamalizana napo.

Hatua ya tatu ndo zoezi ambalo mimi ningeambiwa nichague moja tu kwa mwaka mzima ningechagua hili. Noti moja kila biti, hausimami, unapanda mpaka noti za eneo hili ziishe, unageuka unashuka, kodi ikibadilika unaenda noti iliyo karibu ya kodi mpya kwa uelekeo ule ule uliokuwa nao. Kwa mfano:

Dm7: D F A C, unapanda.
G7: bado unapanda, D F G B (uzi wa 3 freti 7, uzi wa 2 freti 6 na 8, uzi wa 1 freti 7).
Cmaj7: C juu kabisa uzi wa 1 freti 8, hapo pameisha, geuka: B G E.
Cmaj7 baa ya pili: C B G E, unashuka.
Dm7: D uzi wa 5 freti 5, kwenye karatasi yetu pameisha, geuka panda tena F A C.

Safari hii umeingia G7 kwenye D na sio B, na umeingia Cmaj7 juu kabisa. Kila mzunguko unaanguka sehemu tofauti, hiyo ndo raha yake, hukariri kitu, unalazimika kujua noti. Ukikosea usisimame. Ukisimama unajifundisha kusimama. Iache hiyo noti mbovu ipite, iwahi kodi inayofuata.

Usikimbilie noti mbili kwa biti mpaka hii ya noti moja iwe rahisi kiasi kwamba unaweza kuongea na mtu huku unapiga.

Noti sahihi, masikio yanasema hapana

Kuna vyanzo vitatu na mtu anaweza kuhangaika mwezi kwa kukisia kile kisicho chake.

Cha kwanza, noti sahihi mahali pabaya. C ni noti halali ya Dm7, ila ukiitua biti ya kwanza ya G7 na kuikalia, inagombana na B ya kodi. Ni ile ile ya kuchelewa ila safari hii umechelewa biti moja tu kwa hiyo hujagundua. Sikiliza rekodi, simamisha pale panapouma, angalia ni biti ya ngapi. Ikiwa ya 1 au ya 3, hapo ndo penyewe. Noti za nje zikiwa katikati ya biti zinapita bila mtu kulalamika.

Cha pili, umepotea. Uko baa ya tatu, treki iko ya nne. Jipime hivi: zima gita, imba ruti za kodi na treki mizunguko kumi bila kuteleza. Ukiteleza, apejio hazihusiki hapo, hujaujua wimbo.

Cha tatu ni gita lenyewe, na watu hawaliulizi kabisa. Gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza, ulie ile sauti ya kengele, afu ubonyeze freti hiyo hiyo ya 12. Ukizipima kwa tuna zinatofautiana? Kama ya kubonyeza iko juu, kile kidaraja cha uzi kirudishwe nyuma uzi urefuke, kama iko chini kisogezwe mbele. Gita la umeme unafanya mwenyewe na bisibisi, la kavu mpelekee fundi. Nimeshaona mtu analaumu masikio yake miezi na miezi kumbe uzi wa 3 uko juu kuanzia freti ya 5 kwenda mbele, na kazi yetu karibu yote hapa ni freti ya 4 mpaka ya 8.

Noti zinavutana, kila kitu kinasikika kama kodi

Unaacha vidole chini. Ukipiga kodi ni sawa, ukipiga apejio kama laini ya solo kila noti ife inayofuata ikizaliwa. Sehemu inayosumbua zaidi ni noti mbili za freti moja nyuzi zilizopakana, na kwenye Cmaj7 yetu ipo: C uzi wa 3 freti 5 na E uzi wa 2 freti 5. Ukilaza kidole kwenye zote mbili zinalia pamoja. Anza na ncha ya kidole kwenye C, afu kibingirishe, usikinyanyue, uzito uhamie kwenye tumbo la kidole juu ya E, ncha ikiachia uzi wa 3 kidogo tu kiasi cha kuuzima. Kushuka ni kinyume chake. Fanya hizo noti mbili tu, polepole kuliko unavyodhani inatosha, ukisikiliza kama kuna hata chembe ya C chini ya E.

Mkono wa kulia nao, kiganja kiguse nyuzi nene unapokuwa juu. Basi.

Kila kitu sawa ila haiswingi

Kama una spidi na noti zote ni halali lakini inasikika ya kompyuta, angalia vitu viwili. Moja, nguvu ya piki ni ile ile kila noti. Kwenye noti mbili kwa biti jaribu kuipa uzito kidogo ile ya "na", moja-NA-mbili-NA, sio kila mara lakini uwe unaweza. Pili, unapiga piki kila noti. Apejio zinafaa sana kuvuta na kugonga kwa mkono wa kushoto: pale uzi mmoja una noti mbili, kama uzi wa 5 freti 5 na 8 kwenye Dm7, piga ya kwanza kwa piki, ya pili igonge kwa kidole bila piki.

Metronomu iweke igonge biti ya 2 na ya 4. Ukitaka tempo 120 weka 60, na ule mlio wa kwanza uuite "mbili". Mara ya kwanza utageuka kichwa chini miguu juu, dakika chache tu itakaa. Na swing yenyewe sio kipimo kimoja, tempo ya polepole noti ya kwanza ndefu ya pili fupi, tempo ikipanda sana zinakaribia kulingana. Mtu anayepiga tempo 240 kwa swing ya tempo 100 anasikika anachechemea.

Kasikilize Charlie Christian, yule mpiga gita aliyeingia bendi ya Benny Goodman mwaka 1939 na kufariki 1942 akiwa bado kijana mdogo kabisa. Laini zake nyingi zimekaa juu ya maumbo ya kodi, yaani vitu hivi hivi unavyokariri, ila sikia anavyoziweka kwenye biti. Na ukianza kulalamika vidole vyako vifupi kumbuka mpiga gita Django Reinhardt aliungua mkono 1928 akabaki anapiga solo kwa vidole viwili vya mkono wa kushoto, na apejio ndo zilikuwa chakula chake, anazikimbiza shingo nzima.

Imekauka

Unawahi kodi, unaingia popote, inaswing, ila baada ya mizunguko miwili hamna jipya. Hii ni dalili nzuri, umefika mahali. Noti nne za kodi ni mifupa, sasa weka nyama, na nyama ya bei rahisi kuliko zote ni noti ya freti moja chini ya ile unayoiendea. Unataka kutua E kwenye Cmaj7? Piga D shapu kwanza, uzi wa 2 freti 4, afu freti 5. Ukitaka zaidi izunguke: F juu yake, D shapu chini yake, afu E. Wapiga bibop (ule mtindo wa jazz wa kasi) wote wanafanya hivyo na siri ni kwamba noti za nje zinakaa kabla ya biti, noti ya kodi inatua kwenye biti.

Nyama ya pili, usijifunze kitu kipya, tumia apejio unazozijua juu ya kodi nyingine. Juu ya Dm7 piga Fmaj7: F A C E, umepata ya 3, 5, 7 na 9. Juu ya Cmaj7 piga Em7. Juu ya G7 piga Bm7b5, B D F A, au ukitaka pilipili ipige dim7 ya kuanzia B, yaani B D F na A flati. Hiyo A flati ndo inayouma vizuri, na inataka kushuka G kwenye Cmaj7, iache ishuke. Umbo la dim7 linajirudia kila freti tatu kwa hiyo ukilijua moja unalisogeza tu. Angalizo, watu wakiijua hii wanaipiga kila G7 inayopita, mpaka msikilizaji anajua inakuja. Mara moja kwa mzunguko inatosha kabisa.

Na kunyamaza. Mpiga gita Jim Hall alikuwa anaacha nafasi mpaka unasikia bendi nzima inapumua.

Kama umetokea kwenye rumba au kwaya

Wewe una faida na una mtego. Faida ni kwamba mpiga solo wa dansi, iwe Kinshasa, Dar au Morogoro, tayari anaishi kwenye apejio, sebene nyingi ni noti tatu za kodi zinazungushwa juu ya shingo kwa usafi ambao wapiga jazz wengi wanaoanza hawana, msikilize Dr Nico au Mbaraka Mwinshehe uone mkono ulivyo safi. Mtego ni kwamba kule kodi ni wani, foo na faivu za ufunguo mmoja, zinakaa muda mrefu, na mkono umezoea noti tatu bila ya saba. Ukija huku ufunguo unahama katikati ya wimbo, na noti ya saba ndo inayovuta kila kitu, we unaipiga kama mgeni.

Usitupe ulichonacho. Chukua yale maumbo ya noti tatu unayoyajua kwenye nyuzi tatu nyembamba, na ruti ishushe freti moja uone inakuwa maj7, freti mbili uone inakuwa 7. C E G, ile C ishushe B, umepata Cmaj7 bila ruti, ishushe B flati umepata C7. Mkono unabaki nyumbani, kodi inabadilika. Wenye asili hiyo wanatoka haraka kuliko waliokariri chati, kwa maoni yangu.

Mkono unauma

Simama. Usipige juu ya maumivu. Mara nyingi nyuzi ziko juu mno kutoka kwenye shingo (magita ya bei rahisi yanakuja hivyo kutoka dukani), au nyuzi nene, au kiwiko kimebana ubavuni na kiganja kimekunjwa sana. Mpe fundi ashushe nyuzi. Ikiwa ganzi au maumivu yanabaki baada ya kupumzika, nenda kwa daktari.

Nyumbani poa, mbele ya watu zimeyeyuka

Chanzo karibu kila mara ni kwamba apejio ziko machoni na vidoleni, masikioni hazipo. Nyumbani unaangalia shingo, jukwaani taa mbovu, mpiga dramu anakimbiza, macho yakikosa pa kushika basi. Kipimo: piga ruti ya kodi mara moja, uimbe apejio yake bila gita, ya m7, ya 7, ya maj7. Kama huwezi kuimba tofauti ya 7 na maj7 (noti ya mwisho tu inatofautiana, freti moja), rudi hapo. Sauti mbaya ruksa. Afu imba laini fupi ya noti nne, itafute kwenye gita. Kila siku kidogo. Wengi wanaruka hili sababu ni aibu kuimba, na ndo maana wengi wamekwama palepale.

La pili, chagua wimbo mdogo wa kwenda nao kwa watu. Mimi nasema blues ya F, kwa sababu kila jam ya jazz (watu wanapokutana kupiga pamoja) duniani inaijua. Kodi zake za msingi ni F7, B flati 7 na C7, na noti zake mbili mbili, ya tatu na ya saba, zimekaa kama zimepangwa kwa ajili ya gita. F7: A uzi wa 4 freti 7, E flati uzi wa 3 freti 8. Kodi ikienda B flati 7 vidole vyote viwili vinarudi freti moja nyuma, uzi wa 4 freti 6 na uzi wa 3 freti 7, na hapo umepata A flati na D, ya saba na ya tatu. Kodi ikienda C7 vinasogea freti moja mbele ya pale pa F7, freti 8 na 9, B flati na E. Vidole viwili, freti moja nyuma, freti moja mbele, umebeba blues nzima ya baa 12. Zungusha hivyo kwanza bila solo, kama kodi ndogo za kumsindikiza mtu, mpaka uwe unajua uko baa ya ngapi bila kuhesabu, afu zipige moja moja kama laini, afu zunguka kila moja na ile freti ya chini yake, afu ongeza noti nyingine za apejio kidogo kidogo kutokea hapo.

Ukishaimudu hamishia B flati. Wapiga saksafoni na tarumbeta wanapenda funguo za flati na wakishaanza kuhesabu hawakuulizi unapenda ipi.